Mvua ya Darini

Doa lilianza juu ya kitanda cha mama mkwe, pale dari inapokutana na ukuta wa kaskazini. Lilikuwa la hudhurungi, upana wa kiganja. Mama mkwe alilinyamazia. Alikuwa amehamia kwetu mwanzoni mwa majira ya baridi, akaona si adabu mtu aliyepewa chumba kizuri kuliko vyote aanze kuhesabu nyufa zake. Mke wangu ndiye aliyeliona alipopanda kubadilisha mashuka. Alisimama katikati ya chumba, shuka mkononi, akaita kwa sauti ambayo watoto waliiitikia kabla yangu.

“Baba watoto, paa linavuja!”

Nataka msomaji aelewe uzito wa habari hiyo kwetu. Nyumba yetu iko upande wa magharibi wa jiji la Buffalo, jimbo la New York, katika mtaa ambao zamani ulijaa Waitaliano, wakafuata Wapuerto Riko, na sasa ukipita jioni unasikia Kiswahili cha Fizi na cha Kigoma, Kirundi, Kisomali na Kikaren cha Burma. Ni nyumba ya mbao ya orofa mbili, ina umri wa zaidi ya miaka 100, na tunailipia mkopo kila mwezi. Sisi ni watu tuliolala miaka mingi chini ya turubai kambini Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambini, paa ulikuwa unaliona lote. Ukilala chali unaona turubai, unaona mti uliolibeba, unaona tundu, na kukikucha unaliziba. Hapa paa limefichwa juu na chini: juu vigae vya lami vilivyolala chini ya theluji miezi mizima, chini dari iliyopigwa lipu na rangi nyeupe, na katikati yake uwazi wa giza ambao familia inaweza kuishi chini yake miaka bila kuufikiria. Sisi tunauita darini.

Na Buffalo si mji wa kupuuzia paa. Umekaa kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Upepo wa baridi unaotoka magharibi hupita juu ya maji ambayo bado yana joto la kiangazi, huzoa mvuke, na ukifika nchi kavu huumwaga ukiwa theluji. Mama mkwe amekulia kando ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, na alistaajabu kuambiwa kwamba Erie halifiki mita 70 hata mahali pake penye kina kirefu kabisa. Kwa kuwa ni la kina kifupi huganda mapema kuliko maziwa jirani, na likishaganda theluji yake hupungua. Lakini kabla halijaganda linaweza kuuzika mji. Dhoruba ya Krismasi ya 2022 ilipiga siku kadhaa mfululizo. Uwanja wa ndege ulipima karibu sentimita 130 za theluji, na katika kaunti yetu watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Wengine walikutwa ndani ya magari, wengine ndani ya nyumba zilizokosa joto. Ukiishi hapa, kila kishindo cha paa usiku unakisikiliza.

Kwa hiyo tulipoliona lile doa, mshitakiwa wa kwanza alikuwa barafu.

Jirani yetu wa kushoto ni mzee wa asili ya Italia aliyefanya kazi ya kuezeka maisha yake yote, hadi magoti yalipomstaafisha. Alituita barabarani tukiwa tumejifunga skafu hadi puani, akatuonyesha mapaa mawili, lake na letu. Lake lilikuwa limefunikwa lote. Letu lilikuwa na kipara karibu na kilele, na kwenye upenu zilining'inia barafu ndefu zenye ncha ambazo watoto wetu walikuwa wakizigombania.

“Pale pasipo na theluji ndipo joto lenu linapotokea,” akasema.

Kisha akatueleza jinsi ukuta wa barafu unavyojengeka. Joto la nyumba hupanda, hupenya hadi darini, huyeyusha theluji iliyoko juu. Maji huteremka chini kwa chini hadi kwenye upenu, ambako paa limetokeza nje na halina chumba cha kulipasha joto, na hapo hugandia. Leo kidogo, kesho kidogo, hadi ukingoni panasimama kizuizi. Maji yanayofuata hayana pa kutokea, yanatuama. Vigae vya lami vimepangwa kwa kulaliana ili maji yateremke. Havikutengenezwa kuzuia maji yaliyosimama. Yanarudi nyuma chini ya kigae, yanatafuta tundu la msumari, yanaingia. Siku hizi sheria za ujenzi za sehemu za baridi zinataka chini ya vigae vya ukingoni ulazwe utando maalumu unaojigandisha kwenye mbao, ufike angalau sentimita 60 ndani ya mstari wa ukuta wa nje. Paa la zamani huenda halina.

Mke wangu hakungoja zaidi. Alinunua reki ya paa, ile yenye mpini mrefu wa alumini wa kuunganishwa vipande vipande, akawa anaivuta theluji ya ukingoni akiwa amesimama chini, taratibu, akianzia chini kwenda juu, bila kukwaruza vigae. Alimkataza kila mtu, pamoja na mdogo wake wa kiume, kupanda na shoka. Barafu ikipigwa shoka, huondoka na kigae chake, na anayeipiga huweza kuondoka nayo pia. Doa likatulia. Tukashukuru.

Machi likarudi, na halikurudi peke yake. Lilikuwa limepanuka, limejitia mzingo wa rangi iliyokolea, na pembeni yake yalikuwa yamezaliwa mengine mawili.

Machi huku ndio mwezi wa wagonga milango. Theluji ikianza kuyeyuka wanakuja vijana wenye fulana za nembo na vishikwambi mkononi, wakitoa ukaguzi wa bure. Mmoja alilitazama paa letu akiwa amesimama kwenye ngazi za baraza. Hakupanda juu, hakuingia ndani, hakuuliza doa liko chumba gani. Akasema paa limekwisha, lazima liezekwe lote upya, na bei anayotupa ni ya siku hiyo. Kesho hataweza kuirudia. Ilikuwa bei ya gari zuri. Akamsogezea mke wangu kishikwambi atie sahihi kwa kidole.

“Kaka,” mke wangu akamwambia, “nyumba hii tumeihangaikia miaka. Hatutii sahihi juu ya kitu ambacho wewe mwenyewe hujakiona.” Akafunga mlango kwa upole.

Bado ninaheshimu kufungwa kwa mlango ule. Ninajua familia zilizotia sahihi, wengi wao watu wasiosoma Kiingereza vizuri, na nasema wazi kwamba kumharakisha mtu namna hiyo kwenye nyumba yake ya kwanza ni dhuluma. Lakini kufunga mlango hakukukausha dari. Mama mkwe sasa alikuwa akilala na ndoo kando ya mto.

Kwa kuwa alilala na ndoo, alijua jambo ambalo sisi tuliolala vyumba vingine hatukulijua. Asubuhi moja alinikuta jikoni kabla sijaenda kazini.

“Mwanangu, mvua ya usiku umeisikia?”

“Nimeisikia, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Imenyesha mpaka alfajiri, na kwenye ndoo hamna hata tone. Lakini juzi, baada ya ile baridi kali, jua lilipochomoza tu, nimelowa. Na kabla ya hapo ilikuwa hivyohivyo. Nimeishi chini ya turubai, mvua naijua. Mvua gani hii inayongoja jua litoke?”

Niliondoka na swali hilo, nikashinda nalo. Ni uchunguzi bora kuliko wote uliofanywa katika kisa hiki, na ulifanywa na mtu asiyepanda ngazi. Paa linalovuja huvuja mvua inaponyesha. Linalosumbuliwa na ukuta wa barafu huvuja theluji inapoyeyuka ukingoni, na ukingoni kwetu palikuwa pamekwisha kuwa pakavu. Maji yanayodondoka siku ya jua, baada ya siku za baridi kali, na kukoma usiku wa mvua, hayatoki mawinguni.

Jioni nilimfikishia yule mzee maneno ya mama mkwe, neno kwa neno. Aliacha kufagia. Akauliza swali moja tu.

“Mmeingia darini?”

Kilango cha darini kwetu kiko ndani ya kabati la ukutani, orofa ya pili, ubao wa mraba uliopakwa rangi hadi ukashikana na fremu yake. Kazi ya kuingia humo aliidai shemeji yangu, kitindamimba wa mama mkwe, kijana anayefanya zamu za usiku ghalani na asiyependa kuona mamaye akilala na ndoo. Mzee alimpa masharti akiwa bado uani. Kwanza, asiingie, achungulie tu na kupiga picha. Katika nyumba za zamani huku kuna darini zilizojazwa chembechembe nyepesi zinazometameta, zinaitwa vemikulaiti, na nyingi zilichimbwa mahali penye asbesto. Ukizikuta, huzigusi wala huzitimui, unafunga kilango na kuita watu wenye leseni. Shemeji akapiga picha, akashuka nayo. Zilikuwa karatasi za kijivu zilizosagwa, aina ya sufi inayopulizwa darini kulizuia joto. Mzee akaridhika. Sharti la pili: avae barakoa na glavu. La tatu alilirudia mara nyingi kuliko yote: akanyage boriti tu. Kati ya boriti na boriti hakuna sakafu, kuna sufi, na chini ya sufi kuna fito nyembamba za mbao zilizopigwa lipu kwa chini. Hiyo ndiyo dari. Haibebi mtu.

Siku aliyopanda ilikuwa Jumamosi, jua kali, anga buluu, nje bado kuna ubaridi wa kuuma. Mama mkwe alikuwa jikoni na sufuria kubwa la sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kitandani kwake alikuwa ametandaza vitenge vya sare ya harusi ya kanisani, vimekunjwa tayari kugawiwa akina mama. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya ngazi, kichwa na mabega ndani ya darini, nikimulika kwa tochi ya pili.

Shemeji alikwenda vizuri. Alitambaa kwa magoti na viganja juu ya boriti, akahama ya kwanza, akahama ya pili, akielekea upande wa kaskazini ulipo ukuta wa chumba cha mama. Alipofika karibu na upenu, ambako paa linashuka na nafasi inabana, alisimamisha mguu mmoja ili ageuke. Hapo tone likamwangukia shingoni, maji ya baridi ya barafu, katikati ya siku isiyo na wingu. Akashtuka, akainua kichwa, kichwa kikakutana na ncha za misumari inayotokeza chini ya paa, akajivuta kando kuzikwepa, na mguu ukaiacha boriti.

Sikuiona dari ikipasuka, niliisikia. Kwanza fito, tatata, kisha lipu ikaporomoka mapande kwa mapande. Shemeji akazama hadi pajani, akabaki ameikumbatia boriti kwa mikono yote miwili, mguu mmoja ukiwa darini na mwingine ukining'inia katika chumba cha mamaye, ndani ya soksi tupu, kwa sababu kiatu kilikuwa kimetangulia.

Mama mkwe alipanda ngazi kwa kasi ambayo sikuijua. Mlangoni alisimama. Chumba kilikuwa kimejaa vumbi jeupe, sufi ya kijivu ikishuka polepole juu ya vitenge, na katikati ya dari mguu wa mwanawe. Hakupiga kelele. Alipanda kitandani, juu ya vitenge, juu ya lipu, akaukamata ule mguu kwa mikono miwili chini ya unyayo, akausukuma juu kwa nguvu zake zote kuubeba uzito.

“Mwanangu, umeumia?”

“Hapana, mama.”

“Basi usitikisike. Mimi nimekushika.”

Akaanza kuomba kwa sauti, Kiswahili na Kibembe, bila kuachia. Mimi nikatambaa juu ya boriti, nikamfikia, nikampitisha mikono kwapani, na kwa kuvuta kwangu na kusukuma kwa mama tukamtoa. Alikuwa amechunika paja na nyonga, na kichwani ametobolewa mahali pawili na misumari. Mke wangu alimpeleka kudungwa sindano ya pepopunda siku ileile. Watoto aliwatoa orofa ya pili wote, akafunga mlango wa chumba na kuziba chini yake kwa taulo lililolowa. Nyumba zilizojengwa kabla ya 1978 huku mara nyingi zina rangi yenye madini ya risasi, na vumbi la rangi hiyo huharibu ubongo wa mtoto mdogo. Halifagiwi, hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Vitenge vilifuliwa peke yake, mara mbili, na harusi ilivivaa.

Lakini lile tundu lilitufungulia tulichokuwa tukikitafuta. Mzee, ambaye magoti yake yanamruhusu ngazi fupi tu, alisimama juu ya meza imara chumbani kwa mama mkwe, akapitisha kichwa katika dari iliyopasuka, akamulika. Alikaa humo muda. Aliposhuka, alitaka sote tupande kwa zamu tukaone wenyewe, na nilipanda.

Ncha za misumari zilizotokeza chini ya mbao za paa zilikuwa mamia, na kila moja ilibeba tone. Kuzunguka kila msumari mbao zilikuwa na pete nyeusi ya kutu. Katikati ya mbao za upande wa kaskazini, usiopata jua, kuvu jeusi lilikuwa limetambaa. Penye kivuli kabisa bado palikuwa na jalidi, utando mweupe wa barafu uliogandia ndani ya paa letu, upande ambao theluji haijawahi kuugusa. Jua lilikuwa likipasha vigae kwa nje, na jalidi ilikuwa ikiyeyuka kwa ndani, ikidondoka juu ya sufi, juu ya fito, juu ya kitanda cha mama.

Msumari uliyatoa wapi maji hayo? Anayekumbuka chupa ya soda ikitolewa kwenye friji dukani Kigoma, jinsi inavyolowa kwa nje ndani ya dakika moja ilhali haijatoboka, ameshapata jibu. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi kuliko ya baridi. Ikigusa kitu baridi hulazimika kuutua. Msumari ni chuma, baridi ya nje hupita ndani yake upesi kuliko inavyopita kwenye mbao, kwa hiyo ndio unaolowa kwanza. Baridi ikiwa kali, mvuke unaotua hugandia papo hapo, na wiki ikipita bila jua jalidi hujirundika. Siku ya kwanza ya jua, yote hushuka kwa mpigo. Mafundi wa nchi za baridi wanayo mazoea ya kuiita mvua ya darini, na wanasema wamiliki wengi huezeka paa jipya kwa ajili yake, kisha Machi inayofuata linadondoka tena, maana vigae vipya havizuii mvuke wa ndani.

Mzee akauliza mvuke wa bafuni unatoka wapi. Mke wangu akamwonyesha feni iliyoko kwenye dari ya bafu, inayonguruma vizuri kila anayeoga akiiwasha. Tukaifuata kwa juu. Aliyeifunga, miaka kabla hatujainunua nyumba, aliunga bomba laini fupi na kuliachia katikati ya sufi. Mvuke wote wa maji ya kuoga, wa watu wazima na watoto, asubuhi na jioni, majira mazima ya baridi, ulikuwa ukipulizwa moja kwa moja darini. Sheria za ujenzi zinakataza hilo wazi. Na pale kwenye upenu, ambapo hewa kavu ya nje ingepaswa kuingia na kuufukuza unyevu hadi kwenye matundu ya kilele, sufi ilikuwa imeshindiliwa hadi mwisho. Hakuna pumzi iliyopita.

Usiku ule tulikula sombe tukiwa kimya. Mama mkwe hakula. Mwishowe akaweka kijiko chini.

“Kwa hiyo ni mimi,” akasema. “Kabla sijaja dari haikuwa na doa. Sombe langu linachemka kwa saa nne, maharage yangu yanachemka kwa saa tatu, chai haitoki jikoni. Nimeijaza nyumba yenu maji.”

Hakuna aliyekuwa amesema hivyo, ila kila mmoja alijua hesabu inakubali. Mtu mmoja zaidi anaoga, anapumua, anafua, na huyu anapika kwa moto wa muda mrefu, jinsi anavyopika mtu aliyejifunza kulisha wengi kwa kidogo. Mke wangu alianza kulia. Mimi nilimwambia mama jambo ambalo ningemwambia hata leo: nyumba isiyoweza kuhimili sufuria la sombe haijakamilika kujengwa, na kazi yetu ni kuikamilisha. Nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya watu, watu hupumua na kupika. Anayestahili kuulizwa ni bomba lililoachiwa njiani.

Hakujibu, lakini alivuta sahani.

Nyumba zetu nyingi huku zina bibi mmoja chumbani anayejiona mzigo, anayezima taa mapema, anayeoga kwa kikombe ili asitumie maji, na doa la dari linaweza kumthibitishia hofu yake yote. Kwa hiyo ninaandika habari ya msumari na mvuke kirefu namna hii. Kulijua chanzo kwa uhakika kulimwondolea mtu lawama ndani ya nyumba yangu, na hilo kwangu ni kubwa kuliko fedha tulizookoa.

Matengenezo yalikwenda upesi kuliko hofu. Fundi mwenye leseni aliunganisha feni kwenye bomba gumu lililovalishwa sufi, akalitoa nje kupitia paa na kulivika kofia yenye kilango kinachofunguka kwa upepo wa kutoka tu. Sufi iliyolowa iliondolewa. Mbao zilikaushwa kwa mashine, kuvu likasuguliwa, na mbao moja tu, ile ya pembeni, ikakutwa imeoza na kubadilishwa. Kwenye upenu, kati ya kila jozi ya makombamoyo, iliwekwa mifereji myepesi ya plastiki inayoiacha hewa ipite juu ya sufi. Shemeji, akiwa na bandeji pajani, ndiye aliyeziba matundu mengine yote yanayopandisha hewa ya chumbani: kuzunguka mabomba, nyaya na taa za dari, na kilango chenyewe cha darini akakiwekea mpira wa kubana. Kuzunguka dohani alitumia bati na dawa ya kuziba inayostahimili moto, maana povu la kawaida huwaka. Mzee alisisitiza kwamba kazi hiyo ya kuziba, isiyoonekana na mtu, ndiyo itakayoondoa na kile kipara cha theluji. Joto lisilofika darini haliyeyushi kitu.

Nje tulikagua pia, kwa darubini, tukiwa kando ya barabara. Sikubali tena mtu apande kwenye paa lililolowa kutafuta ubovu ambao darubini inaweza kuuona. Mzee alitupitisha kila mahali: vigae vilivyoinuka ncha, mabati yaliyokunjwa kwenye shina la dohani, kola ya mpira inayokumbatia bomba la hewa ya choo. Ile kola ilikuwa imepasuka, ikabadilishwa siku hiyohiyo kwa bei ya mlo wa familia mgahawani. Kwenye gata mlikuwa na chembechembe za mchanga wa vigae, ule unaovikinga na jua. Chache, si za kutisha. Akasema paa letu lina miaka mingine mingi.

Majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa makali. Sombe lilichemka. Theluji ilikaa juu ya paa letu hadi kileleni, nzima, na siku ya kwanza ya jua la Machi shemeji alipanda na kipima unyevu cha mzee, akatembea juu ya boriti, sasa zikiwa na mbao za kukanyagia alizozipigilia mwenyewe, akarudi na vipimo vya mbao kavu na glavu zisizolowa.

Habari zikaenea kanisani na msikitini. Watu walianza kumwita shemeji kwao, mwanzoni ndugu, baadaye hata Wakaren wa mtaa wa pili. Hatozi fedha, hupewa chakula. Huingia na tochi, barakoa na vipande viwili vya mbao, huuliza maji yanadondoka siku ya mvua au siku ya jua, kisha hufuata bomba la feni ya bafu hadi linapoishia. Juzi alimpigia dada yake simu akiwa darini kwa familia ya Kirundi iliyoambiwa inunue paa zima wiki hiyo.

“Dada, waambie wasitie sahihi,” akasema. “Bomba nimelipata. Limelala juu ya boriti, halijaunganishwa na chochote.”

Mke wangu aliweka simu mezani, akavaa koti, akaenda kuwaambia mwenyewe.